Jina la Mke wa Mzee Ngwatu

Siku ya tatu ya mafunzo, mkufunzi aliwaambia wataalamu wa tiba ya usemi kwamba mgonjwa wa kiharusi aliyepoteza maneno huenda bado akaweza kuimba, na kwa wimbo akafundishwa kusema upya. Mwanakombo aliacha kuandika. Kwa miaka miwili alimhimiza mgonjwa wake, Mzee Ngwatu, atamke jina la mkewe, na mwezi uliopita mzee alizikwa bila kulitamka.

Jioni ile alikwenda kwa mjane, akamweleza yote bila kujitetea.

“Kuimba?” mjane aliuliza. “Mbona akioga aliimba, mwanangu, na jina langu limo! Nilidhani akili zimemruka, nikamnyamazisha. Nikaona haya kukwambia.”

Mjane aliinuka taratibu, akaenda kusimama mlangoni pa bafu, ametega sikio.