Goti la Shaweji

Mpira wenye umbo la yai ulipaa, na Ngwali akahisi goti likitua mgongoni mwake. Alilijua goti lile. Kabla Shaweji hajahamia timu pinzani, ni yeye aliyemfundisha kwamba sheria za mchezo huu zinaruhusu kumpanda mtu mgongoni ili kuudaka mpira hewani.

“Ukishapanda, usimtazame uliyemkanyaga,” alimwambia siku hizo. “Huruma itakuangusha.”

Kitu kikakatika kiunoni. Ngwali akaanguka kifudifudi, mdomo umejaa nyasi. Refa akapuliza filimbi: dako halali. Uwanja mzima ukalipuka kwa shangwe.

“Shaweji, mwanangu, miguu siisikii!”

Viatu vya Shaweji vikapita karibu na shavu lake, vikirudi kinyumenyume kutafuta nafasi ya kupiga mpira. Macho ya Shaweji yalikuwa golini.