Nati ya Sita

Tumepewa ghorofa ya arobaini! Siku hizi sheria ni moja: fundi aliyefunga vyuma vya jengo huishi humo na familia yake, bure, mpaka libomolewe. Eti ndipo tutakaza nati vizuri. Mawakili wanaacha mahakama waje kujifunza kushika spana, na mimi Kabula, binti wa muuza dagaa, leo nimehamia!

Mume wangu Luhende alikimbia chumba hadi chumba, akiniita. "Mama Shija, njoo uone! Ziwa lote letu!" Mama mkwe alipiga vigelegele mpaka majirani wakaitikia.

Luhende akasukuma kitanda cha mtoto wetu Shija kwenye kona. Nikatazama dari juu yake, nikakumbuka boriti iliyofichwa pale. Nati tano nilizikaza, nikazitia chaki ya kuonyesha zimekazwa. Ya sita niliizungusha kwa vidole tu, kengele ya chakula ikalia. Wali na maharage navikumbuka. Kurudi kuikaza sikumbuki.

"Hapa Shija atalala usingizi wa pono," Luhende alisema. "Si umekaza mwenyewe?"

Nikakivuta kitanda kuelekea sebuleni, nikicheka kuwashinda wote.