Maneno Ishirini na Manne

Nyundo ilishuka kwa mara ya mwisho kwenye neno la ishirini na nne, na dada akapuliza vumbi la chuma kutoka kwenye kibao.

Hiyo ndiyo kazi iliyomzeesha: kuchonga vibao vya milango, vya mashine, vya ofisi za wakubwa wasiomjua hata kwa sura. Lakini hiki hakikuwa cha mteja. Kilikuwa na maneno yasiyo na kichwa wala miguu, yaliyomtokea moja moja kwenye kioo cha kifaa kidogo kama kiberiti. Kifaa kile kilikuwa kufuli la pesa za mtandaoni. Kikipotea au kikiungua, mwenye maneno yake huzirudisha pesa zote kwenye kifaa kingine. Asiye nayo, amekwisha.

Maelekezo aliyafuata kama mtu anayepima dawa. Alikagua boksi kuona kama limewahi kufunguliwa. Akaweka namba ya siri ya tarakimu nane, isiyo siku ya kuzaliwa ya mtu yeyote. Maneno hakuyapiga picha, hakumsomea mtu. Alikifuta kifaa chote, akayaingiza upya, kikaamka vilevile kama kilivyokuwa. Hapo ndipo pesa zilipohamishwa kutoka simuni. Karatasi aliyonakilia aliichoma, majivu akayamwagia maji.

Muda wote huo mdogo wake, fundi friji, alikuwa nje kwenye benchi, ameelekea ukutani. Alipoitwa ndani aliuliza jambo moja tu.

"Umeyaandika wapi?"

"Usiniulize tena."

Alipoondoka, dada alikitupa kibao kwenye pipa la vibao vilivyoharibika, pale mlangoni ambapo kila mteja hupita akalipiga teke bila kujua.

Mwezi wa nne tangu siku ile, mdogo wake alikuja mchana, hajanyoa, simu mkononi, jicho moja kwenye kioo chake.

"Dada, nipe ile namba ya siri. Kuna jambo limeiva. Likipita leo halirudi."

"Lipite."

"Hata hujaniuliza ni jambo gani."

"Sina haja ya kuuliza."

Aliondoka akipiga kila kilichosimama njiani. Jioni haikufika, shangazi akapiga simu.

"Nyinyi mmenyonya ziwa moja. Huo uchoyo umeutoa wapi, mwanangu? Sisi hatukukulea hivyo."

"Shangazi, nitafutie siku nyingine ya kunitukana. Leo nina kazi."

Alikata simu, akarudi kwenye kibao cha daktari wa meno. Herufi mbili zilikaa upande. Ikabidi nacho kiende kwenye pipa.

Kesho yake asubuhi alikuta droo alimokiweka kifaa imevunjwa, na chenyewe hakipo. Hakumwita mtu. Alifagia vipande vya mbao, akawasha taa ya mezani, akaendelea kuchonga. Saa sita mwizi akarudi mwenyewe na kukitupa kifaa mbele yake. Alikuwa amejaribu siku aliyozaliwa mwanawe, siku aliyozaliwa mama yao, siku aliyofariki baba, hadi mashine ikachoka naye na kujifuta yenyewe.

"Haya, imekwisha," alisema. "Tumekosa sote. Roho yako imetulia?"

Dada alikigeuza kifaa kitupu, akakifuta jasho la vidole, akakirudisha kwenye droo isiyo na kitasa.

"Mimi sijakosa kitu."

Ilimchukua kijana muda kuelewa. Alipoelewa, uso ulimbadilika.

"Maneno bado unayo."

"Ninayo."

"Nakwenda polisi."

"Vaa kofia, jua kali."

Alikwenda kweli. Alasiri alirudi na askari mtu mzima mwenye sauti ya taratibu, na nyuma yao majirani waliokumbuka ghafla kwamba wana vibao vya kuchongesha.

"Mama," askari alisema, "huyu analalamika kuna pesa umezishikilia, na njia ya kuzifikia unayo wewe peke yako."

"Kweli."

"Na amekuomba kwa wema ukakataa."

"Nimekataa jana, nimekataa leo. Kesho akija atanikuta hapahapa."

"Ukiendelea hivyo utalala ndani."

"Basi nisubiri nifunge duka."

Mtu mmoja mlangoni alicheka, akajifanya anakohoa. Mdogo wake hakucheka. Alikuwa analia sasa, mabega yakimruka, vilevile alivyolia utotoni alipoanguka kwenye ngazi za shule. Dada ndiye aliyekuwa akimfunga kamba za viatu siku zile. Aliushika ukingo wa meza kwa mikono miwili. Hakutoa hata neno moja kati ya yale ishirini na manne.

"Hebu tuanze mwanzo," askari alisema, akafungua daftari. "Hizo pesa ni za nani?"

"Zake."

Kalamu ilisimama hewani.

"Zote?"

"Mpaka ya mwisho."

Mlangoni watu walianza kunong'ona. Dada aliichukua simu yake, akatafuta kwa kidole cheusi cha vumbi la chuma, akaiweka mezani katikati yao na kuongeza sauti. Iliyotoka ilikuwa sauti ya mdogo wake, imetulia, ya mtu aliyelala usingizi wa kutosha.

"Dada, leo wiki ya tatu sijacheza kamari. Hizi ndizo zilizobaki, na ni za shule ya mwanangu. Najijua, nitakuja kuzidai. Nitalia, nitamtuma shangazi, nitakuletea hata polisi. Siku hiyo atakayekuwa anaongea si mimi. Mimi ni huyu wa leo. Usinipe."