Mbuzi wa Baba Masima

Kila nyumba ilipewa mbuzi mmoja aliyebeba figo za binadamu zilizooteshwa kwa chembe za mwili wa mwenye nyumba, akiba ya siku ya kuugua. Mwaka wa sita sasa Nyemo alikuwa akimkatia majani mbuzi wa mumewe, Chilewa, na kumfukuzia nzi, huku miguu yake mwenyewe imevimba kama mihogo.

"Huyo unamdekeza kuliko mimi!" Chilewa alimtania.

"Baba Masima, daktari amesema figo zangu zimekufa. Za mbuzi zitanifaa, ukiridhia."

Kicheko kikakatika. Chilewa, mzima kama kigongo, akampapasa mbuzi mgongoni.

"Tungoje kidogo, mama. Nani aijuaye kesho yake?"

Mbuzi alilia njaa. Nyemo akachukua mundu, akaenda kumkatia majani.