Maharamia Wakashika Jembe

Nahodha alizama tena. Mama Nahodha alimtazama akienda chini na kofia yake, akapiga miayo, akabonyeza kitufe, na jamaa akaibuka juu ya sitaha mkavu, kana kwamba hajapata kuona maji. Hakuna binadamu aliyeuchoka mchezo ule wa kompyuta kama yeye. Kazi yake ilikuwa kuucheza kutwa, akitafuta unapokwama kabla haujauzwa, na mchezo wenyewe haukuwa na dalili ya kuuzwa. Wenzake ofisini walimpa jina hilo kwa utani, maana yeye alimlea huyo nahodha wa kwenye kioo kuliko mama mzazi.

"Njooni wote," mkurugenzi mpya aliita.

Walijikokota na viti vyao vya magurudumu. Walishazoea. Mkurugenzi wa kwanza alitaka maharamia wa kulipiza kisasi. Wa pili akasema kisasi kimepitwa na wakati, wafanye biashara. Wa tatu akawatia mizimu. Wa nne akafukuza mizimu, akaingiza mapenzi. Kila mmoja alikuja mbio na akaondoka akichechemea.

"Maharamia wetu," alisema huyu wa tano akisugua viganja, "wanaacha uharamia. Wanashuka kisiwani. Wanalima."

"Wanalima nini?" aliuliza mchoraji wa mawimbi, mwanamke aliyeanza kuichora bahari ile kabla hajaolewa, na sasa mwanawe anasoma.

"Viazi. Maboga. Tutaona."

"Na mawimbi yangu?"

"Kisima kitahitaji maji."

Wala hakulitoa wazo hilo hewani, aliwaambia. Tangu afike alikuwa amekaa na wafanyakazi mmoja mmoja, akawasikiliza. Hilo lilikuwa kweli. Mama Nahodha ndiye aliyekuwa wa kwanza kumpelekea chai na kuzungumza naye, kama alivyowafanyia wote waliomtangulia.

Kwenye jiko dogo la ofisi, pale palipokuwa na birika na vikombe, mchoraji alimlilia Mama Nahodha kwa hasira. "Sijililii mimi, dada. Namlilia shemeji."

Wote walimjua shemeji. Mume wa Mama Nahodha ndiye aliyeutunga mchezo ule. Kisa chote kilitoka kichwani mwake kabla maradhi hayajamlaza. Daktari alimpa miezi michache, na hizo zilikuwa enzi za mkurugenzi wa kwanza. Siku walipokwenda kumwona alijiinua kwenye mto akaapa mbele yao: haondoki duniani kabla hajaucheza mchezo wake ukiwa umekamilika.

"Mtu anasubiri kitu kimoja tu," mchoraji alisema, "na sisi kazi yetu kumzungusha."

"Ndiyo kazi, mdogo wangu." Mama Nahodha alikuwa amechoka hata kumfariji mtu.

Mchoraji hakukubali. Alinawa uso, akaenda moja kwa moja kwa mkurugenzi. Kabla ya saa ya kutoka, mkurugenzi alikuwa amesimama kando ya meza ya Mama Nahodha, mikono nyuma, kama mwanafunzi aliyekosa.

"Mama, unisamehe. Sikujua habari za mzee. Nimeuangalia mchezo upya, na kusema kweli, ulivyo sasa hivi umekamilika. Tuachane na mambo ya shamba. Wewe sema ndiyo tu. Tunautoa hivi hivi, na kesho nakuja nyumbani mwenyewe kumkabidhi mzee mchezo wake."

Nyuma yake mchoraji alikuwa akitabasamu, machozi yakimlengalenga.

Mama Nahodha aliangalia kioo. Nahodha alikuwa amesimama gatini, anangoja aambiwe aende wapi. Akabonyeza kitufe, akamrudisha baharini.

"Hapana, mwanangu," alisema. "Usiharibu kazi ya watu wote kwa ajili ya mgonjwa mmoja. Wazo lako ni zuri. Walime."

"Lakini mama..."

"Walime, nimesema. Mimi na mume wangu tutavumilia."

Mkurugenzi akainamisha kichwa kwa heshima. Mchoraji akamkumbatia Mama Nahodha, akasema hajapata kuona moyo wa namna ile. Kisha ofisi nzima ikarudi kazini, ikaanza kuifuta bahari.

Jioni, nyumbani, wifi yake aliyeshinda na mgonjwa alimpokea mlangoni kwa mnong'ono. "Amekataa kula tangu asubuhi, wifi. Ameugeukia ukuta tu. Anasema imetosha."

Alikwenda akaketi ukingoni mwa kitanda, hata viatu hajavua. Aliogopa, kama alivyoogopa kila jioni akifungua mlango ule.

"Baba. Wamebadilisha tena."

Bega likacheza. "Tena?"

"Safari hii maharamia wanalima."

"Wanalima?" Mgonjwa aligeuka, macho yamemtoka. "Maharamia wangu? Na majembe? Watu hawa wana wazimu!" Akakohoa, akacheka, akawatukana wakurugenzi wote kwa zamu, kisha akataka ainuliwe akae. "Leta hiyo supu. Siwezi kufa nikawaachia upuuzi huo. Nitaungoja mpaka ukamilike."

"Ungoje, baba," alisema mkewe, akamlisha mpaka bakuli likawa tupu.

Akaenda kuliosha. Alisimama mbele ya sinki na uchovu wake wote, akaanza kuwaza atakachomshauri mkurugenzi wa sita siku atakapompelekea chai. Mizimu ilikuwa imempa mumewe mwaka mzima, na mapenzi karibu miaka miwili. Baada ya shamba, labda maharamia wapelekwe mwezini.