Mshale Ndani ya Mshale

Tisa ingeleta sare tu. Pudentienne alihitaji kumi. Mpinzani wake wa fainali, mwalimu kutoka Luvungi, alikuwa amekwisha kupiga mshale wake wa mwisho katikati kabisa ya duara la njano.

Pudentienne, mkulima wa mpunga, alivuta upinde mpaka uzi ukamgusa kidevu, akaachia. Ukasikika mlio mkavu.

Walipofika kwenye shabaha, mshale wake ulikuwa umejichomeka kwenye mkia wa mshale wa mwalimu, ukining'inia bila kuigusa shabaha.

"Ni zero!" watu wakapiga kelele. "Iko mu hewa!"

Mwamuzi akafungua kitabu cha sheria, akapekua, akapekua tena.

"Usijichokeshe, papa," mwalimu akamwambia mwamuzi. "Mshale wenye kuingia mu mwenzake unapata pointi za ule mwenzake. Na huu wangu ni kumi."

Mwamuzi akaupata ukurasa, akausoma, akaandika kumi.

Mwalimu akacheka mpaka machozi. "Mama, weye umeniua na mshale wangu mwenyewe!"

Pudentienne hakumsikia. Alikuwa amekwisha kuvua viatu, anakimbia kuzunguka uwanja, upinde juu ya kichwa.