Malimbuko ya Mtunza Hazina

Kila mwaka, furaha ya kwanza ya msharika ni mali ya kanisa. Unaweka kiganja kwenye sahani ya madhabahuni, furaha hiyo inavutwa yote isirudi, inauzwa mjini, na bajeti inasonga. Wajanja humaliza mapema: tarehe mbili Januari wanakula mishikaki, wanachangamka kidogo, wanakwenda kutoa hiyohiyo.

Mama Aikande, mtunza hazina, ndiye aliyewafundisha ujanja huo. Yeye mwenyewe alikuwa hajatoa. Tangu Januari alikimbizana na ahadi za watu na paa la kanisa, hakupata hata dakika ya kufurahi. Mwezi Mei simu ikamkuta ofisini: binti yake Aikande amejifungua, baada ya miaka tisa ya kungoja.

"Hii iache, Mama Aikande," mzee wa kanisa alimsihi. "Utatoa nyingine."

"Elinsia mjane aliniomba hivyohivyo nikamkatalia. Leo nijiruhusu mimi?"

Akaweka kiganja. Sahani ilijaa mpaka ikalia. Pengo la fedha za paa likazibika lote.

Jioni alifika kwa binti yake.

"Mama, mjukuu wako huyo! Mbona umesimama mlangoni kama mgeni? Mshike!"

Alimpokea vizuri, akaikinga shingo inavyotakiwa. Mtoto akamkamata kidole. Mama Aikande akamtazama kwa muda mrefu, akisubiri.

"Amenyonya?" aliuliza hatimaye.

"Amenyonya, mama."

"Vizuri," akasema, akamrudisha.